Uzi: Dawa inaponya panya, mbona kwa binadamu inakwama? Na kwa nini Burkitt, ile kansa ya taya ya watoto, ilikuwa tofauti

Mlisha_Panya

Wadau habari za jioni. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila mwenye mgonjwa wa kansa nyumbani naomba akae asome.

Kazi yangu ni kutunza panya wa maabara hapa Kampala, huu mwaka wa saba. Mimi si daktari, ni mtu wa vizimba, maranda na chupa za maji. Lakini ukikaa miaka saba na watafiti unasikia mengi, unauliza, wanakupa makaratasi unasoma, usipoelewa unarudi kuuliza tena. Sasa tangu Januari shangazi yangu ametoka Arua anakaa kwangu, ana kansa ya titi, anawekewa dripu ya kemo kila baada ya wiki tatu. Asubuhi nashika panya, jioni namshikia shangazi beseni.

Kwenye grupu la ukoo la WhatsApp kila wiki lazima mtu atume KANSA IMEPATA DAWA. Juzi ikatumwa nyingine na binamu yangu akaandika kabisa kuwa shangazi aache dripu asubiri hiyo mpya, maana hii anayopewa inamtoa nywele tu. Nikaifungua nikasoma mpaka chini, mistari ya mwisho mwisho ndo wanataja panya. Hakuna mtu hata mmoja aliyeonjeshwa hiyo dawa. Usiku ule sikulala vizuri.

Panya wanapona kweli, nawaona kwa macho yangu, huo sio uongo. Lakini panya yule alikuwa na uvimbe gani, unakua kwa kasi gani, dawa ilianza siku ya ngapi, na waliosema imefanya kazi walipima nini? Nianze na kasi maana hapo ndo Uganda yetu inaingia.

Kuna kansa ya damu ya panya inaitwa L1210, ilipatikana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa kumpaka panya kemikali inayoleta kansa. Bwana mmoja Howard Skipper na wenzake kule Birmingham, Alabama, waliikalia miaka na miaka wakihesabu seli. Seli moja ya L1210 inakuwa mbili ndani ya nusu siku hivi. Ukimdunga panya seli moja tu, moja, inatosha kumuua, kwa sababu ikijizidisha mara 30 ishafika kama bilioni moja na hapo panya anakufa, yaani wiki mbili na kidogo tu umemaliza. Mwaka 1964 wakaandika jambo ambalo mpaka leo madaktari wa kansa wanalitumia: dozi ya dawa haiui idadi fulani ya seli, inaua sehemu ileile kila mara. Ikiwa inaua 999 kati ya kila 1000, basi kwenye bilioni inaacha milioni, dozi ya pili inaacha elfu, ya tatu inaacha moja, na hiyo moja nishasema inatosha kuua.

Sasa njooni Mulago, hospitali kuu ya hapa Kampala. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa anaona watoto wenye uvimbe wa taya, akauandika mwaka 1958, ndo ukaitwa jina lake, Burkitt, ni aina ya limfoma yaani kansa ya seli za kinga. Mwaka 1961 akazunguka Afrika kwa gari kuukuu pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, maili kama 10,000, kutafuta ugonjwa unaishia wapi. Huyo Ted Williams alikuwa daktari wa hospitali ya Kuluva, kwetu West Nile, nyanya yangu alikuwa anamtaja. Mionzi haikuwepo hapa, uvimbe wa taya kuukata wote haiwezekani, basi wakajaribu dawa: methotrekseti, saiklofosfamidi, vinkristini. Watoto wengine walipewa dozi moja au mbili tu, taya likanywea ndani ya siku chache, na kuna waliopona moja kwa moja. Kwa dozi moja! Wazungu waliposikia hawakuamini. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha limfoma pale Mulago chini ya John Ziegler, ndo mwanzo wa Uganda Cancer Institute, baadae akaja kuiongoza Charles Olweny, Mganda mwenzetu, kipindi kigumu kabisa cha miaka ya 70. Burkitt na Ziegler walikuwa kwenye kundi lililopewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba huko Marekani, mwaka 1972 kwa kazi ya kemo.

Kwa nini ilikubali hivyo? Hapa ndo penyewe. Burkitt inajizidisha ndani ya siku moja mpaka tatu, na karibu seli zake zote zinagawanyika kwa wakati mmoja. Katika uvimbe wa binadamu huo ndo unaofanana zaidi na L1210 ya panya. Dawa nyingi za wakati ule zinaikamata seli ikiwa inagawanyika, kwa hiyo kilichomponya panya kikamponya mtoto, mbio zilikuwa zilezile.

Titi la shangazi sio hivyo. Uvimbe wa titi kujizidisha mara moja unaweza kuchukua miezi, na ndani yake seli zinazogawanyika leo ni chache, nyingine zimelala, nyingine ziko katikati ambako damu haifiki vizuri hata dawa haifiki. Ni kama kuvizia wezi mlangoni, anayeingia na kutoka kila saa utamkamata, aliyelala uvunguni utakaa mpaka asubuhi humuoni.

Alafu kibaya zaidi, kuanzia 1955 Wamarekani walikuwa na mpango wa taifa wa kuchuja maelfu ya kemikali, na chujio lenyewe kwa sehemu kubwa lilikuwa hizi kansa za damu za panya, L1210 na baadae P388. Chujio la namna hiyo linakamata nini? Linakamata dawa za kansa zinazokimbia. Dawa ambayo pengine ingesaidia uvimbe wa polepole ilitupwa kwenye ndoo mapema. Mimi hilo linanisikitisha kuliko yote.


Fundi_Kisenyi

mkuu asante kwa uzi lakini mi naona umethibitisha kile watu wanasema siku zote, hii kemo ni biashara, panya wanauawa bure, watu wanapigwa sumu nywele zinatoka alafu wanakufa, mjomba wangu alipigwa dripu sita akazikwa, sasa kama wenyewe wanajua panya si mtu kwa nini waendelee na panya? si wangeacha tu


Mlisha_Panya

Pole sana kwa mjomba ndugu yangu. Sijathibitisha hivyo, naomba unisome vizuri.

Saiplatini ilianza kwa panya. Barnett Rosenberg mwaka 1969 alionyesha inafuta uvimbe wa panya unaoitwa Sarcoma 180, hata ule mkubwa. Leo kijana mwenye kansa ya korodani, hata ikiwa imesambaa, ana nafasi kubwa ya kupona kwa sababu ya hiyo dawa, na ndiyo hiyo wanawake wenye kansa ya mlango wa uzazi wanapewa pamoja na mionzi. Vinkristini imetoka kwenye lile ua dogo la pinki linaloota kwenye bustani na makaburini, asili yake Madagaska, walikuwa wanalichunguza kwa ajili ya sukari, wakaona kwenye panya linashusha seli nyeupe. Bila panya nani angejua?

Na upande wa pili pia uko. Sidney Farber mwaka 1948 aliandika juu ya watoto 16 wenye kansa ya damu aliowapa aminopterini, 10 wakapata nafuu ya muda, na yeye hakuanza na kuponya panya kwanza. Kwa hiyo njia zimekuwa nyingi. Lakini bila mnyama ungempa mtu wa kwanza dozi gani? Ungekisia?

Ila ukweli mchungu niuseme: hesabu iliyoandikwa mwaka 2004 ilionyesha dawa za kansa zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu, zinazofika mpaka kuruhusiwa ni kama 5 kati ya 100. Na karibu zote hizo zilikuwa zimefanya vizuri kwa wanyama, ndo maana zikapelekwa kwa watu.


Nesi_wa_Zamu

Mlisha panya umenigusa. Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya kansa miaka mingi, sitataja wapi. Niongeze vitu ambavyo panya hawezi kuwaambia watafiti.

Panya hatapiki. Sio kwamba ana tumbo gumu, mwili wake hauna uwezo wa kutapika kabisa. Sasa wewe fikiria kitu kinachowafanya wagonjwa wangu waogope hata kuona geti la hospitali ni kutapika, na kwenye panya hakionekani hata kidogo. Dawa za kuzuia kutapika kama ondansetroni ilibidi zijaribiwe kwa feret, mnyama mdogo anayefanana na kicheche, kwa sababu yeye ukimpa saiplatini anatapika kama mtu. Hiyo ni miaka ya 1980. Kabla ya hapo wagonjwa wa saiplatini waliteseka sana.

Nywele hivyohivyo, panya mkubwa nywele zake nyingi zinakuwa zimepumzika hazioti, basi kemo haizitoi. Na ganzi ya vidole. Vinkristini na paklitakseli zinatia ganzi vidole vya mikono na miguu, nilikuwa na mama mmoja mshonaji, sindano inaanguka haisikii. Panya atasemaje kwamba vidole vimekufa ganzi? Utamuona anatembea unaandika yuko salama.

Alafu jamani, wale panya wa Mlisha wana wiki nane au kumi, vijana, wamekula wameshiba, hawana malaria, hawana minyoo, hawana virusi vya ukimwi, maji yao ni safi kuliko ya mtaani kwangu. Mgonjwa wangu anashuka kwenye basi la usiku kutoka Kitgum, damu imeshuka, amekonda, uvimbe ana nao mwaka mzima ameanzia kwa mganga akaenda zahanati akaenda wilaya ndo akafika. Ukimpa dozi ambayo kitabuni ni ya kawaida seli nyeupe zinaanguka anapata homa, na hapo homa ya kemo sio ya kusubiri asubuhi, ni kukimbia hospitali saa ileile hata kama ni saa nane usiku, naomba wenye wagonjwa mshike hilo.


Mama_Koboko

Samahani naomba kuuliza musawo, mimi mtoto wangu ana miaka sita alikuwa na hiyo Burkitt ya taya. Baada ya dripu ya pili uvimbe umekwisha kabisa uso umerudi wake, anacheza. Lakini wanasema bado tuendelee, na wanamchoma na sindano ya mgongoni, analia sana mpaka roho yangu inakatika. Baba yake anasema mtoto amepona turudi shamba, nauli imeisha. Tufanye nini?


Nesi_wa_Zamu

Mama usirudi. Nakuomba kama mzazi mwenzako. Rudini hospitali mmalize.


Mlisha_Panya

Mama Koboko, hapa ndo ile hesabu ya panya inakuhusu wewe moja kwa moja. Uvimbe kabla ya dawa unaweza kuwa na mabilioni ya seli. Seli milioni moja zikibaki huwezi kuziona kwa macho wala kuzipapasa kwa mkono, zote pamoja hazifiki hata punje ya mchele. Mtoto anaonekana mzima, anacheza, lakini milioni ziko, na Burkitt zinajizidisha kila siku moja mpaka tatu, fanya hesabu wiki sita zijazo zitakuwa wapi. Wale panya wa Skipper walionekana wazima pia, dawa ilipokatwa mapema ugonjwa ukarudi. Dripu zinazokuja ni za hizo seli msizoziona.

Na sindano ya mgongoni: dawa nyingi za mshipani haziingii vizuri kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo. Hata kwenye panya wa L1210 ilionekana hivyo, damu imesafishwa lakini zilizojificha kichwani zimebaki. Kwa watoto wa Burkitt pale Mulago ugonjwa ulikuwa unarudia hukohuko. Ndo maana wanapitisha methotrekseti mgongoni. Inauma najua. Mwambie baba yake aje aongee na daktari mwenyewe, na pale hospitali ulizia mtu wa ustawi wa jamii kuhusu nauli, msikae kimya nayo.


Mwl_Hesabu

Mimi nafundisha hesabu sekondari, huku Masindi. Nimevutiwa na namba nikakaa nikapiga mahesabu, Mlisha unisahihishe.

Panya gramu 20, mtu kilo 60, yaani mtu ni mara 3000. Mtu wa kawaida atadhani ukichukua dozi ya panya kwa kilo ukazidisha na kilo za mtu umemaliza. Kumbe sivyo. Nimeona kuna kazi ya mwaka 1966 ya Freireich na wenzake, huyohuyo Skipper akiwemo, walilinganisha sumu ya dawa 18 za kansa kwa panya wadogo, panya wakubwa wa maabara (rati), hamsta, mbwa, nyani na binadamu. Wakakuta ukipima kwa kilo wanyama hawalingani kabisa, lakini ukipima kwa eneo la ngozi ya mwili, miligramu kwa mita mraba, wanakaribiana sana. Kwa panya unagawanya kwa 12 hivi. Kwa mfano panya akipewa miligramu 120 kwa kilo, kwa mtu ni kama 10 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni 600. Ukifanya ile hesabu ya haraka unapata 7200, umemuua mtu.

Na ndo maana nesi anawapima urefu na uzito kabla ya dripu, mimi nilidhani ni kuandika tu kwenye fomu.

Sasa la pili ndo limenishangaza zaidi. Kwenye panya mara nyingi mafanikio ni uwiano: uvimbe wa waliopewa dawa gawanya kwa uvimbe wa wasiopewa. Kigezo cha zamani cha Wamarekani ni kwamba ukiwa asilimia 42 au chini dawa inahesabiwa ina nguvu. Haya chukua uvimbe wa milimita za ujazo 100. Asiyepewa dawa umefika 1000. Aliyepewa umefika 400. 400 kwa 1000 ni asilimia 40, dawa imefaulu! Lakini jamani kutoka 100 mpaka 400 uvimbe umekua MARA NNE. Ukigeuza kuwa kipenyo, kimeongezeka kama asilimia 59. Na kwa mgonjwa binadamu, kipenyo kikiongezeka asilimia 20 wanaandika ugonjwa umeendelea, dawa imeshindwa, abadilishiwe. Ili iitwe imefanya kazi lazima kipenyo kipungue angalau asilimia 30. Kwa hiyo matokeo yaleyale, kwenye panya ni A, kwa mtu ni F. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo namrudishia karatasi.


Mlisha_Panya

Mwalimu umepatia, hiyo ya kipenyo sijawahi kuifikiria hivyo na nimeisoma mara tatu.

Niongeze kwenye dozi. Eneo la ngozi linasaidia lakini halimalizi. Kuna dawa kama topotekani, uboho wa panya unaivumilia kuliko uboho wa binadamu. Panya anapewa dozi inayofuta uvimbe na bado anakimbia kizimbani, mtu hawezi kufika kiwango hicho kwenye damu kabla seli zake nyeupe hazijaisha. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi kweli, kwa kiwango ambacho mtu hafiki. Na irinotekani, damu ya panya ina kimeng'enya kingi kinachoiamsha dawa haraka, ya mtu inacho kidogo. Ndo maana siku hizi wanaojua kazi yao wanauliza dawa ilifika kiasi gani kwenye damu ya panya, na je mtu anaweza kufika hapo? Kama hawezi hata uvimbe ukipotea mbele ya macho yako usishangilie.

Na ukubwa. Panya wa gramu 20 mwenye uvimbe wa gramu moja, hiyo ni asilimia 5 ya mwili. Kwa shangazi yangu ingekuwa uvimbe wa kilo tatu. Lakini dawa mara nyingi tunaanza uvimbe ukiwa kama njegere, wakati mwingine siku chache tu baada ya kuupandikiza, mishipa ya damu haijakaa vizuri. Shangazi uvimbe alikaa nao miezi anaona aibu kumwambia mtu.


Daktari_wa_Mbuzi

Niko Mbarara, kazi yangu mifugo. Mnasahau mbwa.

Kuna uvimbe mbwa wa mitaani wanao sana, kwenye sehemu za siri, unatoa damu, mbwa anaambukizwa wakipandana. Huo uvimbe si virusi, ni SELI zenyewe zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, yaani ni kansa moja iliyoanza kwa mbwa mmoja maelfu ya miaka iliyopita na mpaka leo inaishi kwa mbwa wa dunia nzima. Nautibu kwa vinkristini, dawa ileile ya watoto wa Burkitt, sindano moja kwa wiki, wiki nne mpaka sita mara nyingi umeisha. Nimetibu mbwa wengi na furaha yake sijaizoea mpaka leo, mbwa aliyekuwa wa kupigwa risasi anarudi kulinda boma.

Lakini huo si mfano mzuri wa mtu, kwa sababu ni wa ajabu peke yake. Ninaotaka kuwasema ni mbwa wenye kansa ya mifupa na limfoma zilizoanza zenyewe uzeeni. Huyo hajapandikizwa kitu. Kinga yake ya mwili ni nzima, ana kilo 30, anakula ugali wa mwenye nyumba, anavuta moshi wa jikoni mmoja na watoto, na kansa ya mifupa inamsambaa mapafuni kama kwa kijana wa miaka 15. Wamarekani walianzisha mpango wa kulinganisha kansa za mbwa wa nyumbani na za watu mwaka 2003. Mimi nasema kati ya panya na binadamu kuna daraja na daraja hilo linabweka. Gharama yake ni kubwa na inachukua muda, ndo maana watu wanakimbilia panya.


Bombo_Mzaliwa

Mi nina swali moja tu. Kuna unga unauzwa karibu na stendi, muuzaji ana karatasi kabisa ya maabara inaonyesha mizizi yake imeua kansa kwenye panya. Laki mbili kopo. Mama mkwe anautaka. Hiyo karatasi ni ya kweli?


Mwl_Hesabu

Muulize maswali manne ya Mlisha pale juu. Uvimbe gani, kasi gani, dawa ilianza lini, walipima nini. Akikujibu lolote la maana njoo utuandikie hapa.


Mlisha_Panya

Bombo, karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado unga usimsaidie mama mkwe hata kidogo, hiyo ndo hatari yake. Mizizi mingi ukiikamua ukampa panya dozi kubwa uvimbe unapungua. Hata sabuni inaua seli za kansa kwenye kisahani. Kama yuko kwenye kemo muulizeni daktari wake kabla ya kumpa chochote, kuna mimea inayovuruga ini na dawa za kemo nyingi zinapita hukohuko. Hiyo laki mbili mlipie vipimo vya damu.

Watu wazima pia walishawahi kushikwa hivyo, tusijione sisi tu. Mwaka 1998 gazeti la New York Times liliweka ukurasa wa mbele habari ya endostatini, dawa ya kukata mishipa ya damu inayolisha uvimbe, kutoka maabara ya Judah Folkman. Kwa panya uvimbe ulikuwa unanywea na dawa haikuchoka hata ikirudiwa. Dunia nzima ikapagawa, wagonjwa wakaitafuta. Folkman mwenyewe alikuwa anatahadharisha kuwa wanachojua ni kutibu panya. Ilipofika kwa binadamu uvimbe karibu wote haukunywea kama ulivyotarajiwa. Ule wazo halikufa, dawa nyingine za kukata mishipa zilikuja zikafanya kazi kiasi, lakini sio ule muujiza.

Sasa kuna aliyeniuliza inbox, mbona wasiweke kansa ya MTU ndani ya panya? Wanaweka. Kuna panya wasio na manyoya, ngozi tupu, wanazaliwa bila tezi ya thimasi kwa hiyo mwili wao haukatai nyama ya mgeni. Mwaka 1969 Wadenmaki walipandikiza kansa ya utumbo ya binadamu kwa panya hao ikaota. Nimewahi kuwatunza, wanahitaji joto, wanatetemeka kama vifaranga. Siku hizi wanachukua kipande cha mgonjwa mwenyewe wanakipanda. Ni hatua nzuri, seli ni za mtu kweli. Lakini nyama inayozunguka na mishipa ya damu ni ya panya, uvimbe uko chini ya ngozi ubavuni wakati shangazi kinachotishia maisha yake ni kama utafika kwenye ini au mifupa, na kinga hakuna, kwa hiyo dawa hizi mpya zinazoamsha kinga huwezi kuzijaribu humo.

Na Burkitt tena, maana siwezi kumaliza bila kuirudia. Virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na Burkitt ya watoto wetu, ambavyo viligunduliwa 1964 kwenye vipande vya uvimbe vilivyopakiwa kwenye ndege kutoka Kampala mpaka London, havimuambukizi panya. Kwa hiyo panya hapati Burkitt kama ya mtoto wa Koboko hata ufanyeje. Mwaka 1985 watafiti wa Melbourne walitengeneza panya mwenye jeni ya myc iliyowashwa ndani ya seli zake za damu, kwa sababu ndo hitilafu inayokutwa kwenye Burkitt, na panya hao wanapata limfoma. Hapo mambo yamegeuka: kilichoonekana kwanza kwa watoto wetu ndo kikawafundisha namna ya kutengeneza panya. Ningependa iwe hivyo mara nyingi zaidi, waanze na mgonjwa, wamuangalie vizuri, alafu ndo waende kizimbani wakiwa na swali lake.

Kwenye grupu la ukoo nimeandika kwa kifupi, binamu amesoma, hajajibu. Shangazi mwenyewe nilimsomea huu uzi jana usiku akiwa amejifunika kitenge. Nilipofika kwenye yule mama mshonaji akaninyamazisha, akanyoosha vidole vyake akaviangalia, akasema na vyangu viwili vimeanza hivyo lakini niliona ni uzee. Leo asubuhi nimempigia nesi wake, wamesema Jumatano kabla ya dripu daktari amuangalie kwanza waamue kuhusu dozi.


Mama_Koboko

Baba yake amekubali. Tunabaki.